Freti za Kale na za Kisasa: Kipimo Kitangulie Jina

Katika mazungumzo ya wapiga gitaa, hakuna jozi ya maneno inayotajwa kwa wepesi kama "kale" na "kisasa". Gitaa lenyewe husemwa kuwa la kale au la kisasa. Mlio wake vivyo hivyo. Na hata vile vipande vidogo vya waya vilivyopangwa kutoka juu hadi chini ya shingo yake, yaani freti, navyo hutiwa katika makundi hayo mawili. Muuzaji akisema kwamba gitaa lina freti za kisasa, mnunuzi huelewa kwamba ni kubwa. Akisema ni za kale, mnunuzi huelewa kwamba ni ndogo. Wote wawili huagana wakiamini kwamba wameelewana.

Makala haya yanashikilia kwamba hawajaelewana. "Kale" na "kisasa" ni majina ya nyakati yaliyotwikwa mzigo wa vipimo, na mzigo huo yameshindwa kuubeba. Yanaficha tofauti zinazomhusu mpigaji, na yanaleta hukumu ya thamani mahali ambapo palihitajika maelezo tu. Wazungumzaji wa Kiswahili, ambao istilahi zao za ala hii bado zinajengwa, wana fursa ya kuanza vyema zaidi kuliko walioanza kabla yao, mradi wasiyachukue majina ya sokoni na kuyatafsiri neno kwa neno.

Freti na Kazi Yake

Aliyezoea ala za taarab anajua kwamba udi hauna freti. Ubao wa shingo yake ni laini kutoka mwanzo hadi mwisho, na kidole cha mpigaji ndicho kinachoamua sauti itokee wapi. Uhuru huo ndio unaouwezesha udi kutoa zile sauti za maqamu ya Kiarabu zinazoangukia kati ya nusu toni moja na nyingine. Gitaa limefuata njia tofauti. Ubao wa shingo yake hukatwa mifereji myembamba, na katika kila mfereji hupigiliwa kipande cha waya wa madini. Mpigaji anapoubana uzi nyuma ya waya huo, uzi hulala juu ya mgongo wa waya, na sehemu inayotetema huanzia hapo hadi kwenye daraja, yaani kile kipande kinachozibeba nyuzi juu ya tumbo la gitaa. Kidole hakina tena mamlaka kamili juu ya sauti. Freti imekwisha kuamua sehemu kubwa.

Mahali pa kila freti hupatikana kwa hesabu. Urefu wa uzi hugawanywa kwa takriban 1.0595 kila freti moja inapoongezeka, hata freti ya 12 ikaangukia katikati kabisa ya uzi. Katika gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 648, freti ya kwanza huwa takriban milimita 36 kutoka mwanzo wa ubao, ilhali umbali kati ya freti ya 20 na ya 21 haufiki milimita 12. Hesabu hiyo ni ile ile kwa freti zote, ziwe nene au nyembamba. Kinachotofautiana ni umbo la waya wenyewe, na umbo hilo lina vipimo viwili vinavyomhusu mpigaji. Cha kwanza ni upana, kutoka ukingo mmoja wa waya hadi wa pili. Cha pili ni kimo, yaani kiasi ambacho mgongo wa waya umeinuka juu ya ubao.

Hapa ndipo tatizo la majina linapoanza. Vipimo ni viwili, na kila kimoja kinaweza kuwa kikubwa au kidogo bila ya kukishurutisha kingine. Kwa hiyo yapo makundi manne ya msingi. Majina yanayotumiwa ni mawili tu. Lazima kitu kipotee njiani.

Vipimo Vyenyewe

Waya za freti zinazouzwa na kampuni ya Dunlop ya Marekani zimekuwa kigezo kwa mafundi wengi duniani, nao huzitaja kwa namba zake. Waya namba 6230 ndio unaoitwa wa kale. Upana wake ni takriban milimita 1.98 na kimo chake milimita 1.09. Waya namba 6100 ndio unaoitwa wa kisasa na mkubwa kabisa miongoni mwa zile zinazotumiwa sana: upana milimita 2.79, kimo milimita 1.40. Mtu akizitazama hizo mbili peke yake, ataona kwamba majina yanatosha. Moja ni ndogo kwa pande zote, nyingine ni kubwa kwa pande zote.

Lakini baina ya hizo mbili zimo nyingine. Waya namba 6105 una upana wa milimita 2.29 na kimo cha milimita 1.40. Wembamba wake unaukaribia ule wa freti ya kale, ilhali kimo chake ni kile kile cha freti kubwa ya kisasa. Waya namba 6130 nao uko kinyume: upana wake ni milimita 2.69, karibu sawa na ule mkubwa, lakini kimo chake ni milimita 0.91 tu, yaani hata kile kinachoitwa cha kale kinaupita. Upo pia waya namba 6150, wenye upana wa milimita 2.59 na kimo cha milimita 1.07, ambao ni mpana kama wa kisasa na mfupi kama wa kale. Je, hizi tatu ni za kale au za kisasa? Swali halina jibu, kwa sababu limeulizwa kwa maneno yasiyolingana na kinachoulizwa.

Huenda ikasemwa kwamba tofauti hizo ni ndogo mno kustahili mjadala. Kati ya kimo cha milimita 1.09 na kile cha 1.40 kuna sehemu 31 tu za mia za milimita moja, takriban unene wa karatasi tatu za kawaida zilizopangwa pamoja. Hata hivyo, ncha ya kidole cha mpigaji ni kiungo chepesi cha kuhisi. Katika freti fupi, kidole huufikisha uzi chini na kuugusa ubao wenyewe. Katika freti ndefu, uzi hukamatika juu ya waya kabla ngozi haijagusana sawasawa na mbao. Karatasi tatu zinatosha kumfanya mpigaji ahisi kwamba ameshika ala nyingine.

Historia Isiyoyakubali Majina

Wanaoyatetea majina ya kale na kisasa huegemea historia. Husema kwamba magitaa ya zamani yalikuwa na freti ndogo, na ya sasa yana kubwa, basi jina limefuata ukweli. Historia yenyewe, ikisomwa kwa makini, haisemi hivyo.

Ikiwa kale ni kale kwelikweli, basi freti za kale si za madini hata kidogo. Katika ala za Ulaya za karne ya 16, mathalani lute, ambayo asili yake ni udi wa Waarabu, freti zilikuwa kamba za utumbo wa mnyama zilizofungwa kuizunguka shingo, na mpigaji aliweza kuzisogeza alivyotaka. Zilifuatwa na vipande vya madini. Kampuni ya Martin ya Marekani ilitumia freti zenye umbo la ufito wa kawaida hadi mwaka 1934, ndipo ikahamia kwenye waya wenye mgongo wa mviringo juu na mguu mwembamba chini, ambao ndio uliozoeleka hadi leo. Hakuna muuzaji anayezikusudia hizo anaposema "freti za kale".

Kale inayokusudiwa ni ya miaka michache tu, nayo ni ya magitaa ya umeme ya Marekani. Kampuni ya Fender ilitoa gitaa lake la kwanza la umeme lenye mwili usio na uwazi mwaka 1950, na Stratocaster ikafuata mwaka 1954. Magitaa hayo yalikuwa na freti nyembamba na fupi, na ubao wa shingo yake ulibinuka sana, kwa nusukipenyo cha inchi 7.25. Kutoka hapo ndipo wazo la freti ndogo za kale lilipozaliwa.

Ila Fender haikuwa peke yake. Mwaka 1954 kampuni ya Gibson ilikuwa ikiuza gitaa lake la Les Paul Custom, ambalo freti zake zilikuwa pana lakini fupi mno, kiasi cha wapigaji kulibandika jina la utani lililomaanisha ajabu isiyo na freti. Kufikia mwaka 1959, kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikiweka freti pana katika magitaa ya Les Paul ya kawaida, na magitaa ya mwaka huo ni miongoni mwa yale yanayosakwa na kuthaminiwa zaidi na wakusanyaji wa ala za zamani. Basi gitaa la mwaka 1959, la kale kwa kila hali, lina freti ambazo kwa lugha ya sokoni zingeitwa za kisasa. Upande wa pili, Fender ilianza mwaka 1982 kuunda upya magitaa yake ya miaka ya 1950 na 1960 kwa kuyafuata ya awali, pamoja na freti zake nyembamba. Hilo ni gitaa jipya lenye freti "za kale". Jina limejitenga na tarehe kwa pande zote mbili.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mpigaji wa bluzi Stevie Ray Vaughan, aliyefariki mwaka 1990. Gitaa lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa Stratocaster ya miaka ya mwanzo ya 1960. Freti zake za awali ziliondolewa zikawekwa kubwa, kwa kuwa alitumia nyuzi nene na alipenda kuzivuta kwa nguvu. Mbao zilikuwa za zama zake na waya zilikuwa za zama nyingine. Anayetaka kulipa gitaa hilo jina moja kati ya yale mawili atalazimika kunyamazia nusu ya ukweli.

Kuna sababu ya freti kukua, na sababu hiyo inafaa kujulikana kwa kuwa inaeleza mengi kuliko jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ernie Ball wa California alianza kuuza nyuzi nyepesi kuliko zilizokuwako, kwa ajili ya vijana waliotaka kuuvuta uzi kando ili sauti ipande. Mbinu hiyo ya bluzi na roki ilihitaji kidole kiingie chini ya uzi kidogo na kuushika, jambo lililo jepesi zaidi juu ya freti yenye kimo. Freti ndefu zilienea kwa kuwa zilihudumia mtindo fulani wa upigaji. Hazikuenea kwa sababu ubinadamu ulikuwa umezinduka kutoka katika giza la freti fupi.

Mkono, Sikio na Mtindo

Faida na hasara za kila umbo zinaweza kuelezwa bila ya kutaja karne yoyote. Freti ndefu humrahisishia mpigaji kuuvuta na kuutikisa uzi. Lakini inamdai wepesi wa mkono. Akibana kwa nguvu, uzi hushuka chini kupita mgongo wa waya, hukazika, na sauti hupanda kuliko ilivyokusudiwa. Mwenye mkono mzito akipiga kodi za nyuzi sita juu ya freti ndefu, atasikika kana kwamba gitaa lake halijalinganishwa sauti, na pengine atavilaumu vigingi ambavyo havina hatia. Freti fupi humsamehe, kwa kuwa ubao humzuia mapema.

Upana nao una mambo yake. Freti pana ina madini mengi zaidi ya kulika kabla haijaharibika, na kidole huteleza juu yake kwa ulaini. Hata hivyo, mgongo wake ukishalika na kuwa bapa, uzi haukai tena katikati ya waya. Hukaa kwenye ukingo ulio upande wa daraja, na sauti huhama kidogo kutoka mahali pake. Freti nyembamba ina kosa dogo zaidi hapo, maana hata ikiwa bapa ukingo wake hauko mbali na kitovu chake. Isitoshe, kule juu shingoni ambako freti zimekaribiana, nafasi inakuwa haba. Kati ya freti ya 20 na ya 21, freti zenye upana wa milimita 2.79 huacha mbao ya chini kidogo ya milimita 9 kwa kidole. Zenye upana wa milimita 1.98 huacha takriban milimita 9.5. Kwa mwenye vidole vinene, tofauti hiyo haipuuziki.

Maelezo hayo yanamhusu moja kwa moja mpigaji wa Afrika Mashariki na Kati, kwa sababu mitindo yake haikukulia katika kuvuta nyuzi. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, alipiga gitaa lisilo la umeme kwa kudonoa nyuzi kwa vidole, besi na kiitikio vikiendeshwa na mkono mmoja. Katika wimbo wake maarufu wa "Masanga", kilicho muhimu ni kila sauti kutoka safi na kwa wakati wake. Benga nayo, ambayo wapigaji wake kama Daniel Owino Misiani walilihamishia gitaa mwenendo wa nyatiti, hutegemea midonoo ya haraka ya sauti moja moja. Sebene ya Kongo hupanda juu shingoni na kurudia vipande vifupi kwa kasi. Katika mitindo yote mitatu, kwa kawaida uzi hubanwa na kuachiwa. Kuuvuta kando si nguzo yake.

Kijana wa Kisumu au Nairobi anayetaka kupiga benga, na ambaye ameambiwa kwamba freti za kisasa ni bora, huenda akagharimika kununua kimo ambacho muziki wake hauhitaji, na ambacho mkono wake unaobana kwa kasi utakigeuza kuwa sauti zilizopanda. Naye anayeambiwa kwamba gitaa halisi ni lile lenye freti za kale, kisha akataka kupiga bluzi, atahangaika kuukamata uzi unaomponyoka. Wote wawili wameshauriwa kwa sifa badala ya kipimo.

Umri wa Freti Unaorudi Nyuma

Kuna jambo moja linaloyabomoa majina haya kuliko mengine yote, nalo ni tupa. Freti huliwa na nyuzi. Vishimo vikijitokeza, fundi huzisawazisha freti zote kwa tupa na kuziviringisha upya migongo. Kila anapofanya hivyo, kimo hupungua, ilhali upana wa chini ya waya hubaki karibu vile vile. Freti iliyoanza na kimo cha milimita 1.40, ikisawazishwa mara kadhaa, yaweza kufikia milimita 1.09 na kushuka zaidi. Kwa lugha ya sokoni, freti iliyozaliwa ya kisasa imezeeka ikawa na kimo cha kale. Na wale wanaozipapasa freti za awali za gitaa la miaka ya 1950, wakasema kwamba wameonja kimo cha kale, mara nyingi wanachokionja ni kile kilichosazwa na miongo ya nyuzi na tupa.

Neno la Kiingereza ambalo hutafsiriwa hapa kuwa "kale" lilitokana na mavuno ya zabibu, na lilitumika kuutaja mwaka wa mvinyo. Kwa mvinyo lilikuwa na maana, kwa kuwa upo mvinyo unaoboreka kwa kukaa. Waya wa freti hauboreki kwa kukaa. Hulika. Sitiari iliyofaa katika pipa imebebwa hadi mahali ambapo haifanyi kazi, na anayeitafsiri kwa Kiswahili bila ya kuichunguza huhamisha kosa pamoja na neno.

Kosa la namna hiyo limo hata katika jina la madini yenyewe. Waya nyingi za freti zimetengenezwa kwa mchanganyiko ambao Waingereza huuita kwa jina lenye maana ya fedha ya nikeli. Ndani yake mna shaba, nikeli na zinki. Fedha haimo. Jina lilitokana na rangi yake nyeupe inayong'aa. Mfasiri atakayeandika "freti za fedha" atakuwa mwaminifu kwa neno na mwongo kwa madini. Siku hizi zipo pia freti za chuma kisichoshika kutu, ambazo ni ngumu zaidi na hudumu zaidi, na ambazo huundwa kwa vipimo vya kila aina, vikubwa na vidogo. Hata ubichi wa madini, basi, hauwezi kutumiwa kukisia umbo.

Utetezi wa Majina

Si haki kuupuuza upande wa pili. Wapo wanaosema kwamba majina ya kale na kisasa ni mafupi, yamezoeleka, na kila mtu anayaelewa, ilhali vipimo ni mambo ya mafundi. Wapo pia wanaoshikilia kwamba freti ndogo hulipa gitaa mlio wa zama zile, na kwa hiyo neno "kale" linataja mlio wala halitaji waya.

Hoja ya mlio inavutia, lakini anayeitoa huwa amelishika gitaa lenye mbao zake, nyuzi zake, vinasa sauti vyake na mbinuko wake wa ubao, kisha akaipa freti sifa ya jumla ya vyote hivyo. Mbinuko hasa hustahili kutajwa. Katika ubao wa nusukipenyo cha inchi 7.25, uzi ukivutwa sana huweza kugota kwenye freti za mbele na kunyamaza. Wengi hulaumu "freti za kale" kwa hilo, kumbe lawama ni ya ubao uliobinuka. Magitaa mengi ya Fender ya baadaye yalipewa nusukipenyo cha inchi 9.5, na Gibson kwa desturi hutumia inchi 12. Jina moja linapofunika waya, mbao na mbinuko kwa pamoja, fundi hawezi kujua ni kipi kinachotakiwa kurekebishwa.

Hoja ya wepesi ndiyo nzito zaidi. Kweli lugha hupenda kifupi. Lakini wanafunzi wa Kiswahili wana ushahidi wao wenyewe kuhusu hatari ya kifupi cha namna hii. Katika mgogoro wa ushairi uliopamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, watunzi waligawanywa kuwa wa kimapokeo na wa kisasa. Suala lililobishaniwa lilikuwa mahususi: vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi au sivyo? Majina ya nyakati yalilifanya swali hilo la umbo lionekane kuwa vita vya wazee na vijana. Ikawa mtu anayeandika leo kwa vina na mizani anaitwa wa jana, hata kama mawazo yake ni ya kesho. Freti zinafanyiwa vivyo hivyo.

Pendekezo

Neno lenyewe la freti halina haja ya kusumbua. Utohoaji umekwisha kuleta gitaa, kodi na besi, na hakuna aliyedhurika. Kiswahili kimewahi kutumia nguvu nyingi kushindanisha tarakilishi na kompyuta, runinga na televisheni, ilhali sifa zinazofuata nomino hizo, ambazo ndizo zinazobeba maarifa, ziliachwa zijitafutie njia. Kwa freti, juhudi ielekezwe kwenye sifa.

Lugha inazo tayari. Freti nyembamba fupi ni ile ya milimita 1.98 kwa 1.09. Freti nyembamba ndefu ni ile ya 2.29 kwa 1.40. Freti pana fupi ni ile ya 2.69 kwa 0.91. Freti pana ndefu ni ile ya 2.79 kwa 1.40. Ufupi na urefu hapa ni wa kimo, na hilo likishaelezwa mara moja halihitaji kurudiwa. Istilahi hizi nne hazizidi maneno matatu kila moja, zinafuata sarufi ya kawaida ya Kiswahili, na haziamui nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Zinapotakiwa kuwa kamili zaidi, huongezewa tarakimu. Neno "kale" libaki likitaja tarehe ya gitaa, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake.

Manufaa yake hayaishii kamusini. Kubadilisha freti ni kazi ya kung'oa waya kutoka katika mbao, na mbao iliyomeguka hairudi ilivyokuwa. Freti zikibadilika kimo, hata mikato ya kile kijiti kinachozitenga nyuzi karibu na vigingi hulazimika kuangaliwa upya. Mteja anayemwagiza fundi amwekee "freti za kisasa" amemwachia fundi achague kati ya waya tatu au nne zisizofanana, na atayagundua makosa baada ya kulipa. Anayesema "freti nyembamba ndefu, kimo kisipungue milimita 1.3" ametoa agizo linaloweza kupimwa kwa kalipa kabla ya ufundi kuanza, na linaloweza kudaiwa iwapo halikutekelezwa.

Wanaofundisha istilahi vyuoni wangefanya vyema kuichukua freti kuwa zoezi. Ni kitu kidogo, vipimo vyake vinajulikana, na majina yake ya sokoni yanapotosha kwa namna inayoonekana wazi. Mwanafunzi atakayeweza kukieleza kipande hicho cha waya kwa Kiswahili, fundi akamwelewa na kukata ubao mahali panapostahili, atakuwa ameifanyia lugha kazi kubwa kuliko aliyebuni jina jipya lisilopimika.